Mhalifu Ni Mimi

Mbeya,
Julai 3, 2021

Rehema wangu,

Za masiku? Mama anaendeleaje na mguu? Huku baridi imeshika hasa, jana nimelala na soksi mbili na kitenge juu ya blanketi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu hili ninalotaka kukwambia, nikikupigia simu, utanikatia kabla sijafika katikati.

Nimeiangalia. Msimu wa tatu wa Busted!, kile kipindi chetu cha wapelelezi wa Korea wanaofumbua mauaji ya kuigiza, sehemu zote nane, peke yangu, kwa siku mbili.

Najua. Siku tunafunga mabegi Dodoma, wewe umekalia ndoo iliyopinduliwa, tulipeana mkono kabisa kwamba msimu huo ukitoka hatuugusi mpaka tuwe chumba kimoja. Ulitoka Januari 22 na mimi nimevumilia miezi mitano, jambo ambalo naomba mahakama ilizingatie. Kisha binamu yangu akaja kutoka Dar na flashi. Jumamosi hiyo nilifua, nikaosha vyombo, nikapanga mpaka viatu, flashi iko mezani inaniangalia. Nikasema naangalia dakika kumi za mwanzo, nione tu kama Seung-gi, yule mpelelezi aliyetusaliti, wamemrudisha.

Wamemrudisha. Na hizo dakika kumi ziliisha saa nane usiku.

Unakumbuka tulivyoumaliza ule wa pili? Sehemu kumi tunamsaka Muuaji wa Maua, tunaandika majina ya washukiwa kwenye gamba la daftari lako la takwimu, kumbe yumo humohumo kwenye timu, tena yule mgeni waliyempokea msimu uleule. Wangekuwa wamemchagua mwingine nisingeumia hivyo. Lakini Lee Seung-gi! Kijana aliyeanza kuimba 2004 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, mwenye sura ambayo mama yeyote angempa binti yake bila kutaja mahari. Ulipiga kelele mpaka msimamizi wa hosteli akaja kugonga, na uji wako ukaishia kwenye shuka langu. Doa bado lipo, nimeshakata tamaa nalo.

Basi msimu huu unaanzia kwenye kidonda hicho, na ndiyo sababu nimeupenda kuliko yote, hata kama sehemu zimepungua kutoka kumi. Ile misimu miwili, tuseme ukweli, hatukuwa tunajali nani kaua. Tulikuwa tunasubiri Kim Jong-min ajibu kijinga tucheke. Safari hii nilikuwa nacheka huku tumbo limekaza. Kila Seung-gi aliposhika kidokezo sikuwa namwangalia usoni, nilikuwa namwangalia mikono. Jina la Kikorea la kipindi maana yake ni "Mhalifu ni wewe!", ambalo Kiingereza wameligeuza Busted! na kulipotezea kile kidole cha kumnyooshea mtu. Huko nyuma kidole kilikuwa kinawaendea wapita njia wa kila sehemu. Ukishagundua kuwa kinaweza kumwendea mtu mliyekula naye, huwezi tena kukaa kitako kwa raha.

Ule ubishi wetu wa kama wanaigiza au la, nimeurudia peke yangu na bado nasema niko sahihi. Waigizaji wa pembeni, yaani matajiri, wahudumu, wajane, hao wamekariri maneno yao. Wapelelezi hawajapewa mstari hata mmoja. Ndiyo maana Yoo Jae-suk akimtupia mjane swali la kipuuzi, mjane anameza mate kwanza, anatafuta njia ya kurudi kwenye hadithi bila kucheka. Na raha yangu mimi ni ileile ya zamani, kutazama maiti. Mtu kalala sakafuni kauawa, wapelelezi wanagombana juu ya kichwa chake, nusura wamkanyage, nami nimesogea karibu na skrini natazama kama tumbo linapanda. Huwa linapanda, Rehema. Masikini, nao ni watu.

Jambo moja limenisumbua hata kuliko mauaji. Unajua Wakorea hawaitani majina hivihivi. Sehun, mpelelezi kijana wa timu, akimwita Jae-suk anasema "hyung", kaka. Sejeong, msichana wa timu hiyohiyo, akimwita anasema "oppa", kaka vilevile ila wa kuitwa na msichana. Maandishi ya Kiingereza chini yanaandika "Jae-suk" kavu, kama vile mtoto wa jirani anamwita mzee barazani. Nikawa natafsiri kichwani na Kiswahili kinakaa vizuri kabisa: kaka hapa, dada pale. Ila nikapiga hesabu. Jae-suk ni wa 1972, Sehun wa 1994. Miaka 22! Kwetu huyo si kaka, huyo ni baba mdogo, na angekuwa anaamkiwa shikamoo kabla ya kuulizwa ufunguo uko wapi.

Halafu yale maandishi ya rangi yanayoruka kila kona ya skrini kumcheka mtu akikosea, nusu yake hayatafsiriwi. Nilimkumbuka marehemu babu yako na zile kanda zake za filamu za Kichina zenye sauti ya mtu mmoja anayesimulia kila kitu, mpaka mlango ukifunguliwa anakwambia "anafungua mlango". Mtu kama huyo hapa angezimia. Watu sita wanaongea kwa wakati mmoja, na wa saba ni maandishi.

Lawama ninazo pia. Baadhi ya mafumbo yamejengwa juu ya herufi za Kikorea: wanazipindua, wanaziunganisha, neno linatoka, wote wanashangilia, nami nimekaa kama nimekwenda harusi ya watu nisiowajua. Kwenye mafumbo ya namba na ya vitu nilikuwa nashindana nao. Mawili niliwatangulia, na hakukuwa na mtu chumbani wa kushuhudia, ndiyo hapo dhambi yangu iliponiuma kweli. Niligeuka kabisa kitandani kutaka kukupiga kofi la bega.

Park Min-young ni yuleyule, anakunja uso kama anafanya mtihani wa taifa. Nadhani bila yeye wale wanaume wangekuwa bado wamefungiwa chumba cha kwanza tangu 2018. Sejeong naye haogopi kitu. Nimegundua kwamba wiki ileile msimu ulipotoka, ile tamthilia yake ya kuwinda pepo wabaya ndiyo ilikuwa inamalizikia, kwa hiyo msichana alikuwa anakimbizana na mizimu huku na wauaji kule. Jong-min sitamsema vibaya tena. Nasema hivyo tu, utaelewa ukifika.

Mwisho sikwambii. Nakwambia kwamba niliizima mashine, nikakaa gizani muda, halafu nikaenda kufungua friji nikaifunga bila kuchukua kitu. Mama mwenye nyumba akauliza kupitia dirishani kama nimefiwa. Nikamwambia hapana mama, ni kipindi kimeisha. Akanyamaza kidogo, akaniambia nitafute mchumba.

Sasa kuhusu adhabu yangu. Jumatano nitakuwa stendi alfajiri, kifurushi kinakuja kwako Mtwara kwa basi: mchele wa Kyela kilo tano, parachichi nane ambazo nimezichagua mbichi ili zifike, na soksi za mama nilizofuma mwenyewe. Flashi imo ndani ya mchele, kwenye kikopo cha mafuta ya mgando, nimekizungushia gundi ya karatasi. Uiangalie mpaka ya saba. Ya saba ikiisha, usilale, andika jina la unayemshuku kwenye karatasi, ipige picha unitumie, ndipo unipigie simu tuingie ya nane pamoja, wewe unaangalia na mimi nasikiliza. Bando nitaweka mimi, hilo ni la faini.

Na usianze kuosha mchele kabla hujakitafuta kikopo.

Nisalimie mama sana.

Wako mkosaji,
Anna