Rupia za mama ziliyeyushwa, msiyeyushe zenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu matangazo madogo ya kurasa za ndani, yale yanayosema "Tunanunua rupia za Mjerumani kwa bei kubwa" na kufuatiwa na namba ya simu tu. Mwezi huu nimeyaona mara nne. Moja lilitaka rupia "yenye nguvu", yaani ile inayodaiwa kuvuta mchele kwa uchawi. Nimestaafu, nimefanya kazi miaka 31 katika karakana ya reli hapa Tabora, na tangu ujana nakusanya sarafu za zamani. Sina duka. Nina mzani mdogo wa gramu, lenzi, daftari, na sarafu 64 zilizofungwa kila moja katika karatasi yake.

Babu yangu mzaa mama alitandika reli ya kati, ile iliyofika hapa Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ujira wake ulikuwa rupia, sarafu za fedha za enzi za Mjerumani. Nyingine zililiwa, nyingine zilitolewa mahari, na zilizobaki mama alizirithi na kuzitunza ndani ya kibuyu chini ya kitanda. Zilikuwa 23. Najua kwa sababu nilijifunza kuhesabu kwazo. Ishirini na mbili zilikuwa za ukubwa mmoja, zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Ya ishirini na tatu ilikuwa kubwa na nzito kuliko zote, na sisi watoto tuliiita "mama wa rupia". Upande wa pili ilikuwa na simba chini ya mnazi, na mwaka 1894. Tarakimu hizo nne nilizisoma kwa kidole kabla sijaanza darasa la kwanza.

Mama alifariki mwaka 1987. Baada ya arobaini dada yangu, kwa nia njema kabisa, alizipeleka kwa sonara. Sonara alizimwaga zote kwenye mizani kwa pamoja, akalipa kwa gramu, akaziyeyusha siku ile ile. Dada alirudi na bangili mbili na pesa iliyobaki. Mimi nilikuwa safarini Mpanda kazini. Niliporudi nikauliza, "Na ile kubwa?" Akanijibu, "Ile ndiyo ilileta uzito."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kilichoyeyuka. Ile ilikuwa rupia mbili katika sarafu moja, ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Sarafu za aina hiyo zilitengenezwa mwaka 1893 na 1894 tu, na leo wakusanyaji huzisaka nchi kwa nchi. Sonara alilipa bei ya fedha iliyomo ndani yake, basi. Simlaumu kwa kupima, hiyo ndiyo kazi yake. Namlaumu kwa kuwa aliona mwaka na picha mbele ya macho yake na hakumwambia dada yangu aliyeketi mbele yake, "Shangazi, hii iweke pembeni kwanza." Kusema hivyo kusingemgharimu kitu.

Rupia moja ya kawaida ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, sehemu 917 ni fedha. Kwa hiyo ndani yake mna fedha safi kama gramu 10.7. Anayekununulia kwa gramu anakulipa hiyo, akipunguza faida yake. Mkusanyaji anaangalia mengine kabisa: mwaka, jina lililoandikwa (la Kampuni, ambayo sarafu zake zinaishia 1902, au la koloni, kuanzia 1904), herufi ndogo A au J inayoonyesha kwamba ilipigwa Berlin au Hamburg, na hali ya uso wa Kaisari. Rupia mbili zenye uzito sawasawa zinaweza kupishana bei mara kumi. Mizani ya sonara haina njia ya kuliona hilo.

Halafu, jamani, msizisugue. Nimeletewa rupia nzuri zilizong'arishwa kwa majivu na ndimu mpaka ndevu za Kaisari zimelainika. Ule weusi mwembamba juu ya fedha ni umri wake, na mkusanyaji anaulipia. Ukiuondoa huwezi kuurudisha. Zile zilizolehemiwa kijipete ili zivaliwe shingoni bei yake hushuka sana, ingawa mimi mwenyewe ninazo tatu na nazipenda, maana najua kuna shingo ya mtu iliyokuwa ikizivaa siku ya sikukuu.

Sasa nije kwenye "nguvu". Mwaka juzi kijana mmoja wa bodaboda alinijia usiku, ameshika kitambaa chekundu. Alikuwa ameuza pikipiki yake na kununua sarafu ya dhahabu ya tembo, ya Tabora, 1916. Waliomuuzia walimwonyesha inavuta punje za mchele, wakamwambia kuna Mwarabu Dar es Salaam anainunua kwa mamilioni. Nikaiweka mezani, nikaenda jikoni, nikaleta mchele wetu wa nyumbani. Haikuvuta hata punje moja. Mchele ule wa kwanza ulikuwa umechanganywa na unga wa chuma, ule unaodondoka chini ya tupa. Nimeufagia miaka 31, naujua. Na sarafu yenyewe ilikuwa na chuma chenye sumaku ndani, juu imepakwa rangi ya dhahabu. Kwenye mzani ilisoma gramu 5.4.

Sarafu ya kweli ya tembo, ya rupia 15, ina gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu. Historia yake haihitaji uchawi wowote kuipamba. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimefunga bahari na pesa kutoka Ujerumani haifiki, Wajerumani walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakaipiga sarafu katika karakana ya reli Lulanguru, karibu na hapa mjini. Zilitoka 16,198. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wa 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Zipo pia za heller 20 (heller ilikuwa sehemu ndogo ya rupia), za shaba nyekundu na za shaba ya njano, nazo zilipigwa hapa hapa, na hizo bado mtu anaweza kuzipata. Neno "hela" tunalolitaja kila siku ndiyo hiyo heller. Ninapofikiri kwamba mafundi wa reli kama mimi walisimama mbele ya mashine ile wakipiga picha ya tembo juu ya dhahabu ya Singida, mwili unanisisimka. Ya kweli nimeishika mara moja tu, mwaka 1983, kwa mzee mmoja wa Isevya. Aliniwekea kiganjani, akahesabu hadi kumi, akaichukua.

Kijana yule hakupata pikipiki yake. Hakwenda polisi kwa sababu waliomuuzia walimtisha kwamba kumiliki sarafu hizo ni kosa. Na nimewajua wengine waliochimba chini ya mwembe, nyuma ya msikiti, hata ukutani mwa nyumba ya bibi yao, wakitafuta sanduku la Mjerumani. Ukuta ulianguka. Bibi alihamia kwa mwanawe.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwamba msipokee tena tangazo lolote la kununua rupia "yenye nguvu", hata kama limelipiwa. Gazeti lako linaaminika huku kwetu. Mtu akiona tangazo ndani yake anadhani mmeshalithibitisha, na kijana yule alinionyesha kipande alichokata, kimekunjwa ndani ya kitambaa kile kile chekundu.

La pili, chapeni picha ya rupia, pande zote mbili, pamoja na uzito wake. Watu wapewe njia ya kujipimia wenyewe. Ninayoitumia mimi ni hii: weka kikombe cha maji juu ya mzani, usomeshe sifuri. Funga rupia kwa uzi mwembamba, izamishe ndani ya maji bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Mzani utapanda. Kwa rupia ya kweli utasoma karibu gramu 1.13. Ikisoma 1.3 au zaidi, uliyonayo ni shaba au chuma kilichopakwa. Uzito ukiwa pungufu ya gramu 11 na sarafu haijalika, usinunue. Sumaku nayo iwe karibu: fedha haivutwi. Mzani wenyewe unapatikana kwa wauza vifaa vya simu, na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya pikipiki.

Na shilingi za simba za Mwingereza, za 1921 hadi 1946, zisichanganywe na rupia. Wachuuzi wanaziuza kama fedha tupu, wakati fedha ndani yake ni robo tu. Zinapendeza kukusanya, lakini msilipie bei ya rupia.

Dada yangu bado yu hai. Bangili moja anayo mkononi, ya pili alimpa mjukuu aliyeolewa Nzega. Wiki iliyopita nilimwomba anipe ile yake niipime, akaivua. Gramu 61. Nikairudisha mkononi mwake nikaandika uzito wake katika daftari langu, katika ukurasa wa mwaka 1894.

Mstaafu wa karakana ya reli,
Tabora