Naomba Sauti Yako ya Zimwi

Langoni, Lamu
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Hujambo? Watoto hawajambo, na mama? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, Bibi magoti tu ndiyo yamsumbuayo, na anakusalimu sana. Najua deni ni langu. Tangu Maulidi sijakujibu, na wewe ndiye uliyeandika mwisho. Niwie radhi. Kilichonikalisha leo ni Faiz.

Unaikumbuka ile gemu niliyokuambia nataka kuitengeneza, ya mtoto aliyebaki peke yake usiku, stima imekatika na nyumba imejaa mazimwi? Basi nimeitengeneza. Haijaisha, lakini yachezeka. Alhamisi nikampa Faiz aijaribu, akacheka mpaka akalala chali mkekani. Usiku huohuo akakataa kwenda choo peke yake. Leo ni usiku wa nne. Analala kati yangu na Bibi, na akishikwa na haja sharti amwamshe mtu. Juzi kaka akaniambia mbele ya wageni, "Umemtia mwanangu woga." Neno hilo limenikaa kifuani, shoga, halishuki.

Maana mimi sikutaka kumtia mtu hofu akalala nayo. Nilitaka hofu ile yetu, ya kukimbia ukipiga mayowe halafu ukashikwa na kicheko mbavu zikauma.

Ngoja nikueleze ilivyo. Mtoto wa kwenye gemu ana miaka sita, na macho ya mchezaji nimeyaweka mita moja tu kutoka sakafuni. Ukiingia ndani, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ziko juu kama madirisha ya ghorofa, na uvungu wa kitanda cha samadari ni pango. Wazo la kuteremsha macho nilipata katika Among the Sleep, gemu ya Wanorwei wa Krillbite iliyotoka 2014. Humo wewe ni mtoto wa miaka miwili, unatambaa, na ukimkumbatia dubu wako wa kuchezea panapata mwanga kidogo. Nzuri sana, lakini mwisho wake ni mzito, unaishia kwenye huzuni ya watu wazima, na hilo sikulitaka kwa Faiz. Ninayoipenda zaidi ni Luigi's Mansion, ya Nintendo, ya 2001. Luigi mwenyewe anatetemeka, anamwita nduguye kwa sauti inayokaribia kulia, anavumisha wimbo gizani kujipa moyo, na mizimu anaivuta kwa mashine ya kufyonza vumbi. Ukimwona shujaa anaogopa kuliko wewe, huna budi kucheka.

Mtoto wangu mimi hana mashine. Ana tochi ya betri kuukuu, na ana hodi. Kila mlango lazima apige hodi kabla hajaingia. Akipiga, zimwi lililomo linalazimika kuitika, na likishaitika haliwezi kumla. Laweza kumkimbiza, kumwibia kiatu kimoja, kumpulizia tochi ikazimika, basi. Akiingia kimyakimya, hapo amekwisha. Nimeijenga yote juu ya neno la Bibi la kila siku, zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Na nyumba zetu zimenisaidia kuliko nilivyodhani. Unavijua vyumba vyetu, virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mkoko hazifiki mbali kutoka ukuta mpaka ukuta. Katika gemu maana yake ni kwamba zimwi huwezi kulizunguka. Urudi mbio kiwandani, uani kwa ndani, au upite katikati ya miguu yake. Faiz alipita katikati ya miguu ya zimwi la zidakani, lile nililolivika bakuli la Kichina kichwani. Zimwi likainama kumtazama, bakuli likamteleza likamfunika uso, likaanza kupapasa ukuta likiuliza, "Stima imekatika tena?" Hapo ndipo alipolala chali.

Sasa kimemtisha nini? Nilidhani ni zimwi la mtungi, lile linalorudia kila neno lako kama anayesukutua. Nikalipunguza meno. Wapi. Nikaongeza mbalamwezi kiwandani. Wapi. Kaka ananiambia futa yote, na usiku wa pili nilikaribia kuifuta, wallahi, kazi ya miezi saba. Ndipo jana baada ya isha nikamkalisha barazani, nikamnunulia kashata, nikamuuliza polepole. Akatafuna mpaka akamaliza, akasema, "Yule wa birikani hasemi."

Mwili ulinisisimka. Ni kweli hasemi! Chumba cha choo sikukimaliza. Nilitia sauti ya maji na kivuli kinachogeuka chini, nikasema sauti ya zimwi nitaitafuta baadaye. Kwa hiyo mtoto anapiga hodi, anangoja, anapiga tena, hapana jibu. Wote wengine wamemwitika, huyu amenyamaza. Na unajua birika letu la maji la chooni lilivyo, samaki wale wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu bado wamo. Usiku anatia kata, kitu kinajigeuza chini, maji yanalia chubwi, kisha kimya. Ndicho kilekile alichokiona kwenye kompyuta.

Nilikwenda naye na tochi tukawahesabu. Watatu. Aliinama akawapigia hodi, huku ameishika kanga yangu kwa mikono miwili. Akangoja kidogo, akaniambia, "Mwambie aseme."

Kwa hiyo tatizo si zimwi, Mwanaisha. Ni kimya. Na dawa yake unayo wewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukijificha nyuma ya mlango kwa Bibi, unatia mdomo katika kata tupu, unanguruma, "Nani apita bila hodi?" Nilijua ni wewe. Nilikuwa nikiiona ncha ya kanga yako chini ya mlango. Na bado nikitimua mbio mpaka daka la mlangoni! Sauti ile sijaisikia kwa mtu mwingine. Nimejirekodi mwenyewe, Faiz akanijua kwa neno la kwanza. Nimemrekodi Athumani, anasikika kama anatangaza mkutano. Nimejaribu kuishusha sauti kwa kompyuta, ikawa nene lakini imekufa, kama mtu ana homa.

Nifanyie hisani hii. Ingia chumba chenye godoro na mapazia, zima feni, funga madirisha. Simu iweke pembeni ya mdomo, isiwe mbele, pumzi isiipige. Itika hodi mara sita, kila mara kwa namna yake: la usingizi, la njaa, la hasira, mengine utakavyo, na moja la kucheka. Hilo la kucheka ndilo nilitakalo kuliko yote. Kwenye WhatsApp usinitumie kama ujumbe wa sauti, unabanwa na ule mngurumo wa chini unapotea. Nitumie kama faili.

Stima imekatika mara mbili tangu nianze kuandika. Mambo ya harusi ya Shela nitakueleza tukionana, ni marefu, na Bi Rukia hajasema na mtu mpaka leo.

Haya niambie. Sauti ile bado unayo, au wanafunzi wameimaliza kwa kupiga kelele darasani? Ile kata ya Bibi si wewe uliyekwenda nayo Malindi? Wanao huogopa nini usiku? Na zimwi la birikani unaonaje, mwishoni lifunuke kuwa ni samaki, au libaki zimwi lakini liwe rafiki? Mimi sijaamua, na Faiz nikimuuliza ananijibu, "Aseme kwanza." Kaka ana haki unaona? Niambie kweli, usinipake mafuta. Na likizo mnakuja, au mtatuacha tena?

Faiz ameamka. Amesimama mlangoni na tochi yake ananingoja. Wacha niende naye.

Wako,
Zuhura