Roboti haimpasui mtoto, daktari ndiye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme jambo kuhusu namna upasuaji wa roboti unavyoelezwa kwa wazazi, hasa wenye watoto waliogundulika kuwa na uvimbe wa mrija wa nyongo. Husemwa kana kwamba mashine ndiyo iliyoshika kisu. Roboti haikati chochote kwa hiari yake. Daktari hukaa kwenye meza ya kuongozea, hatua chache kutoka alipolala mtoto, na vifaa vilivyo tumboni hufuata mikono yake. Kinachomponya mtoto ni mambo mawili: uvimbe utoke wote, na kiungo kipya kati ya ini na utumbo kiwe kipana, kisichovuja. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya roboti, na ndivyo ilivyo sasa.

Ugonjwa wenyewe ni wa kuzaliwa nao. Mrija unaoteremsha nyongo kutoka kwenye ini hutanuka ukawa kama kifuko. Wasichana hupatwa mara tatu hadi nne kuliko wavulana. Maelezo yanayokubalika zaidi, aliyoyatoa daktari Babbitt mwaka 1969, ni kwamba mrija wa nyongo na ule wa kongosho hukutana mapema mno, nje ya ukuta wa utumbo, mahali ambapo hakuna msuli wa kuwatenganisha majirani hao wawili. Maji ya kongosho hupanda juu na kuuchoma mrija wa nyongo kwa miaka. Vitabu hutaja dalili tatu, yaani maumivu ya tumbo, macho kuwa manjano na uvimbe chini ya mbavu za kulia, lakini wachache ndio huja nazo zote. Wengi huja na tumbo linalouma na kutapika, likaacha, likarudi, huku wakipewa dawa za minyoo. Altrasaundi huonyesha kifuko. Picha ya MRI ya mirija ndiyo ramani ya kwendea chumba cha upasuaji.

Zamani kifuko kiliachwa mahali pake kikaunganishwa na utumbo ili nyongo ipite. Watoto walipata nafuu, kisha wakarudi na homa, mawe na, baada ya miaka mingi, saratani katika ukuta ulioachwa. Ndiyo maana leo hukatwa chote pamoja na mfuko wa nyongo. Ripoti ya kwanza ya kufanya hivyo kupitia matundu madogo ya tumboni, bila kulifungua tumbo, ilitoka mwaka 1995. Ya mtoto kwa roboti ilifuata mwaka 2006.

Kazi ya utumbo mara nyingi hufanywa nje ya mwili. Tundu la kitovuni hupanuliwa kidogo, utumbo mwembamba ukavutwa nje, ukakatwa sentimita 15 hadi 20 tangu unapoanzia sehemu yake ya pili, kisha ukashonwa kwa umbo la herufi Y. Mkono wa utumbo unaopanda kwenye ini huwa wa sentimita 30 hadi 40 kwa mtoto mkubwa. Kwa mtoto mchanga hupimwa kwa mwili wake: mfupi mno huvuta mshono, mrefu mno hujikunja na nyongo ikatuama. Baada ya hapo ndipo roboti husogezwa.

Shida ya kwanza ni nafasi. Vifaa vyake vina upana wa milimita 8, wakati vya matundu madogo vya watoto vipo hata vya milimita 3. Kwa mtu mzima matundu huachana sentimita 8 hivi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja halina nafasi hiyo, na mikono ya mashine hugongana. Kwa hiyo, kwa mtoto wa chini ya kilo 10, daktari anayechagua njia ya kawaida ya matundu madogo, au hata ya kufungua tumbo, hajabaki nyuma ya wakati.

Kifuko hubanduliwa kwa utaratibu kutoka kwenye kongosho na mishipa mikubwa ya damu. Ateri ya kulia ya ini hupita karibu yake, wakati mwingine mbele yake, nayo hukatwa kwa bahati mbaya na asiyeitafuta. Upande wa chini ndiko kwenye mtego: ukiacha kisiki kirefu, mawe na kuvimba kwa kongosho hurudi, ukichimba sana, unaujeruhi mrija wa kongosho.

Roboti hulipa gharama yake wakati wa kushona. Mrija wa ini unaweza kuwa na upana wa milimita chache tu, umejificha chini ya ini, na uzi ni mwembamba sana, wa namba 5-0 au 6-0. Kifundo cha kifaa hujipinda kama cha mkono, picha ina kina, mtetemo huchujwa. Lakini katika mashine nyingi daktari hahisi mvuto wa uzi vidoleni. Hulazimika kuusoma kwa macho, na asiyezoea huukata uzi au kuuchana mrija.

Kwa hiyo mzazi asiulize tu kama roboti ipo. Aulize daktari ameshaunganisha mirija mingapi ya watoto wa umri huu, na damu ikitoka ghafla timu huitoa mashine kwa muda gani ili tumbo lifunguliwe. Kubadili njia katikati ya upasuaji si aibu.

Baada ya upasuaji, maji ya kijani kwenye bomba la kutolea uchafu ni dalili ya kuvuja. Mara nyingi hukauka yenyewe bomba likikaa vizuri. Kiungo kusinyaa huonekana baada ya miezi au miaka: homa, manjano, choo cheupe. Altrasaundi na vipimo vya ini viendelee hata ukubwani, maana saratani huweza kuzuka kwenye mirija iliyobaki.

Mzazi aombe pia ripoti ya upasuaji kwa maandishi, na aitunze. Miaka 20 baadaye mtaalamu atakayetaka kupitisha kamera mdomoni hadi kwenye mirija ya nyongo hatafika kwa njia ya kawaida, kwa kuwa barabara imehamishwa, na karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia ilikohamia.

Wasomaji wenu.