Barua kwa wazazi: kufunga muhula, na yule nzi wa Gredi ya 6

Wazazi wapendwa,

Hamjambo nyote. Muhula umeisha salama, tunamshukuru Mungu. Ripoti mtachukua Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi, na mwenye balansi ya karo apitie kwangu tuongee, hakuna mtoto atanyimwa ripoti. Sasa nije kwa ile mambo ya nzi, maana nimeshapigiwa simu na wazazi watatu wakiuliza kama ni kweli watoto wamepata nzi adimu hapa shuleni.

Ilianzia darasani. Mwalimu wa sayansi aliwaambia Gredi ya 6 habari za nzi mmoja mwenye manyoya, Mormotomyia hirsuta, anayeishi Kenya hii yetu, kwenye ufa wa mwamba pale kilima cha Ukasi ukielekea Garissa. Alipatikana mara ya kwanza 1933, akapatikana tena 1948, halafu kimya hadi Desemba 2010 wakati Robert Copeland wa icipe, ile taasisi ya utafiti wa wadudu hapa hapa Kasarani, na mwenzake Ashley Kirk-Spriggs walienda wakampata. Hawezi kuruka, macho ni madogo, ukimwona haraka utasema buibui, na mabuu yake hukua kwa kinyesi cha popo. Sasa watoto kusikia popo wakaangalia juu, kwa sababu dari yao ina popo, mnajua tumeongea hiyo maneno kwa mikutano.

Wiki iliyofuata msichana mmoja akaona kadudu ukutani chini ya paa, akakapiga picha na tableti ya darasa, akazumu mpaka kakajaa skrini, miguu mirefu, nywele, mabawa hakuna. Darasa lote likapiga kelele, na hata mimi niliamini ni yeye. Nikatuma picha kwa mtaalamu wa wadudu ninayemjua, akajibu kwa swali moja tu, ana urefu gani? Picha haikuwa na rula, haikuwa na sarafu kando yake, uso hauonekani, ubavu hauonekani. Akasema mleteni mdudu mwenyewe.

Bahati nzuri mtoto alikuwa amemweka kwa kachupa ka dawa, ndani spiriti, na kikaratasi kimeandikwa kwa penseli (wino huyeyuka kwa spiriti): ukuta wa nje Gredi ya 6, tarehe, jina lake. Yule mtaalamu alisifu hicho kikaratasi kuliko picha zote.

Chini ya lenzi mambo yakawa mengine. Miguu sita, kwa hivyo si buibui, buibui ana minane. Kichwa kimekunjwa kikalala mgongoni, kucha ni kama ndoano za kushikilia manyoya ya popo, na urefu wake ni milimita 3 hivi, wakati yule wa Ukasi ni kama sentimita 1. Kumbe ni nzi wa popo, wa familia ya Nycteribiidae, ananyonya damu ya popo, na jike hutoka kwa popo kidogo tu kuacha buu lake ukutani. Wengine walilia. Lakini yule msichana alisimama mbele ya wenzake akahesabu miguu kwa sauti, akaonyesha rula, akasema tulikosea na sababu ni hii. Nimefundisha miaka mingi na hiyo asubuhi siisahau.

Kwa hivyo likizoni, mtoto akiwa na kachupa ka wadudu hapo nyumbani tafadhali msikatupe. Akitaka simu apige picha mpeni, lakini aweke rula kando, apige juu, ubavuni na usoni, aandike mahali na siku. Popo wenyewe wasiguswe kabisa, hata aliyekufa, popo wana magonjwa, na mtoto asipande darini. Fundi atakuja likizoni kuziba mianya jioni popo wakishatoka.

Kachupa kako kwa meza yangu pamoja na lenzi, mkija Ijumaa piteni mwone.

Wenu,
Mwalimu Mkuu