Barua ya Malalamiko: Amplifaya na Spika Zisizooana

Kamati ya Vyombo,
Kwaya ya Usharika,
Morogoro.
9 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vyombo vya Muziki,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA AMPLIFAYA NA SPIKA ZISIZOOANA, NA KUKATALIWA WARANTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi mwaka huu kwaya yetu ilinunua dukani kwenu amplifaya moja, spika nne za mbele, monita mbili za jukwaani (spika zinazowaelekea waimbaji ili wajisikie) na rola la waya. Nimeambatanisha risiti ya EFD na kadi ya waranti ya mwaka mmoja. Kabla ya kulipa, mwenyekiti wetu alimkabidhi kijana wenu wa mauzo karatasi ya mahitaji, ambayo nayo nakala yake imo humu: sauti za waimbaji tu, maiki 12, kanisa la watu wapatao 300, na mara mojamoja mkutano wa nje. Gitaa na kinanda vina spika zake. Hatukuomba besi ya disko. Tuliomba maneno ya wimbo yamfikie aliyekaa benchi la mwisho, na ayaelewe.

Kijana wenu alijibu karatasi hiyo kwa kusoma maboksi. Boksi la amplifaya limeandikwa wati 2400, la spika wati 1200, basi akatuambia kwamba amplifaya hiyo "inabeba mzigo wowote." Huko ni kuuza kiatu kwa kutazama boksi lake. Ukifungua kijitabu kilichomo ndani, hesabu ni nyingine kabisa. Zile 2400 ni za kilele, tena amplifaya ikiwa imeungwa kwa briji, yaani pande zake mbili zikifanya kazi kama upande mmoja. Ikitumika kawaida, kila upande unatoa wati 350 kwa mzigo wa omu 8 na wati 550 kwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani; namba ikishuka, amplifaya inabebeshwa zaidi). Chini ya omu 4 kijitabu hakiandiki namba, kinaandika onyo. Na spika ya "wati 1200" ina wati 300 za mfululizo na 600 za programu, yaani za muziki unaopanda na kushuka. Ile 1200 ni ya kilele, nguvu ambayo spika huivumilia kwa kufumba na kufumbua tu.

Fundi wenu alikuja Morogoro kufunga mitambo mwenyewe. Naomba mlisome hili kwa makini, kwa sababu barua yenu ya kukataa waranti imeandikwa kana kwamba tulijifungia wenyewe. Kila upande aliweka spika mbili za mbele zenye omu 8 kila moja. Zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na hapo amplifaya ilikuwa bado salama. Halafu akachukua monita ya omu 4 akaiunga nyuma ya spika hizohizo, upande wa kulia moja na wa kushoto moja. Omu 4 sambamba na omu 4 ni omu 2. Kwa hiyo amplifaya ilianza kazi kwetu siku ya kwanza ikiwa na mzigo ambao mtengenezaji wake ameukataza.

Mimi ndiye ninayekaa kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti za maiki, na matokeo yake niliyasikia kabla sijafungua kijitabu. Umeme ukigawanyika kwenye mzigo wa namna ile, monita peke yake inakula nusu ya nguvu yote ya upande wake, na spika mbili za mbele zinaambulia robo moja moja. Maana yake spika iliyo karibu kabisa na maiki ndiyo inayopata mgao mnono. Waimbaji wanapigwa na sauti usoni, waumini wa nyuma wanasikia mvumo. Nikiongeza ili wa nyuma wasikie, maiki zinapiga miluzi. Na monita siwezi kuipunguza peke yake, kwa kuwa imening'inizwa kwenye tundu moja na spika za mbele. Kila anayefanya kazi na sauti za waimbaji anajua kwamba monita hupewa amplifaya yake, ikalishwa kutoka tundu la AUX la mikisa, ambalo sauti yake hurekebishwa peke yake. Mikisa yetu inayo matundu hayo. Fundi wenu hakuyagusa.

Ijumaa Kuu amplifaya ilichemka ikajizima katikati ya wimbo, ikapoa, ikarudi, ikajizima tena. Nilimpigia fundi wenu simu palepale. Ushauri wake: vifundo vya amplifaya virudishwe nusu, halafu sauti iongezwe kwenye mikisa. Tukafuata, kwa kuwa ndiye mtaalamu wenu.

Ndugu Meneja, ushauri huo ndio ulioua twita, yaani spika ndogo za sauti za juu zilizomo ndani ya maboksi. Kifundo cha amplifaya hakipunguzi uwezo wake wala hakilindi spika. Kinapunguza tu wepesi wake wa kuitikia mawimbi yanayoingia. Ukikirudisha nusu, mikisa inalazimika kusukuma zaidi ili sauti iwe ileile, mpaka yenyewe inaishiwa, taa nyekundu ya klipu inawaka, na vichwa vya mawimbi vinakatwa bapa. Wimbi lililokatwa hivyo huzaa masafa mengi ya juu ambayo mwimbaji hakuyatoa mdomoni, na kichujio kilichomo ndani ya boksi la spika huyapeleka yote kwenye twita. Koili yake ni nyembamba, haikuumbwa kwa joto hilo. Ibada ya Pasaka ilipokwisha, spika mbili za upande wa kushoto zilikuwa zinatoa sauti nzito isiyo na "s" wala "sh". Mchungaji alionekana anasema, lakini maneno yalikuwa yamefunikwa blanketi.

Barua yenu ya Mei inatoa sababu mbili za kukataa. Ya kwanza, eti "amplifaya ilizidi nguvu ya spika." Tupige hesabu basi. Wati 550 kwa spika mbili ni wati 275 kila moja, na hapo sijaitoa monita. Spika inabeba 300 za mfululizo. Imezidiwa wapi? Amplifaya hiyo kwa kweli ni ndogo kwa kazi hii. Desturi ya mafundi kwa sauti za jukwaani ni kuipa spika amplifaya yenye mara moja na nusu hadi mbili ya wati zake za mfululizo, ikiwa na limita (kifaa kinachozuia nguvu isipite kiwango), ili mwimbaji anapopaza sauti ghafla kuwe na nafasi ya kupanda bila kukatwa. Kwa jozi yetu hiyo ni wati 900 hadi 1200 kwa omu 4 kila upande. Mlituuzia 550.

Ya pili, eti "mteja alipiga besi kupita kiasi." Kila maiki kwenye mikisa yetu imebonyezwa kitufe cha kukata masafa ya chini ya hezi 80. Isitoshe, besi ikizidi huua wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito, na wufa zote nne ni nzima. Mita inasoma karibu omu 6 kwa kila moja, kama inavyotarajiwa kwa spika ya omu 8. Zilizokufa ni twita mbili. Mita haisomi kitu kwenye koili zake, na ukizifungua utaona zimekuwa nyeusi. Picha nimeambatanisha. Fundi wenu hakuja kupima chochote kabla barua hiyo haijaandikwa.

Kuhusu waya nitasema kwa ufupi. Rola mlilotuuzia "la spika" ni la milimita za mraba 0.75, waya wa taa ya mezani. Kwa mita 20 kwenda na 20 kurudi unakuwa na ukinzani wa karibu omu 0.9, kwa hiyo kwenye mzigo wa omu 4 karibu moja ya tano ya nguvu inaishia kupasha waya moto. Wa milimita 2.5 ungepunguza hasara hiyo hadi chini ya asilimia 7.

Tunayodai ni haya. Twita mbili zibadilishwe kwa gharama yenu, na azibadilishe fundi mwingine, si yule. Waya ubadilishwe uwe wa milimita 2.5. Amplifaya tuliyonayo ibaki kwa ajili ya monita, moja kila upande, kwa kuwa kwa wati 550 na monita za omu 4 zenye wati 300 za mfululizo inafaa vizuri. Kwa spika za mbele mtupatie amplifaya inayotoa angalau wati 900 kwa omu 4 kila upande, pamoja na limita, kwa bei mliyoinunulia ninyi, bila faida juu yake. Kama hilo haliwezekani, chukueni mzigo wote mturudishie fedha zetu zote.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mkikaa kimya, tutapeleka shauri Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Tutaitumia pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kwa sababu matumizi tuliyataja kwa maandishi na tukategemea utaalamu wa muuzaji. Karatasi ile ya mahitaji ina sahihi ya kijana wenu na mhuri wa duka.

Vifaa viko kanisani, havijafanyiwa ukarabati wowote. Mnaweza kuja kupima siku yoyote ya kazi, mkitupa taarifa siku moja kabla ili mwenye funguo awepo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

(Sahihi)
Katibu, Kamati ya Vyombo

Nakala: Mwenyekiti wa Kwaya, Mhazini wa Usharika.
Viambatanisho: risiti ya EFD, kadi ya waranti, karatasi ya mahitaji, barua yenu ya Mei, picha za koili.