Niandikie kabla ya Alhamisi

Mama Imani mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, ila joto linatukaanga, na bibi haachi kukuulizia. Kimya chetu tugawane lawama nusu kwa nusu, maana leo nina shida.

Alhamisi tuna kikao cha vifaa. Kuna muuzaji alikuja, suti kamili kwenye joto hili, akatuonyesha mashine inayopima maumivu ya mgonjwa aliye kwenye nusukaputi. Namba moja tu, 0 mpaka 100. Mzee wa thieta kaipenda hata macho yamemtoka! Mimi ndiye nimeambiwa niseme kwa niaba ya watu wa usingizi, na wewe huko Muscat unaitumia.

Nilivyoelewa, inapima nafasi kati ya pigo moja la moyo na jingine, na jinsi inavyobadilika mgonjwa anapovuta na kutoa pumzi. Neva ya vagasi, ile inayotuliza moyo, ikitawala, mabadiliko ni makubwa na namba inapanda. Kisu kikiuma, namba inashuka. Wanataka ikae kati ya 50 na 70. Haya. Lakini ile nyingine ya kidoleni, inayosoma wimbi la damu, namba ikipanda ndiyo maumivu! Sasa mtu wa zamu ya usiku akihamishwa chumba itakuwaje?

Hilo tungelizoea. Kinachoniumiza kichwa ni dawa zetu. Atropini tunaitumia sana, kwa watoto hasa, nayo inaifunga hiyohiyo vagasi. Mashine itasoma nini? Ketamini, ile dawa ya usingizi, unaijua: presha juu, mapigo juu, machozi, mate, na mgonjwa mwenyewe hana habari. Na wazee wa presha wanaomeza atenololi, moyo wao umeshafungwa breki kabla hatujaanza. Nilimuuliza muuzaji, akasema "inategemea", akafungua picha nyingine.

Sipingi wazo lenyewe. Ukishampa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli hatikisi hata kope, kilichobaki kusema kwa niaba yake ni presha, mapigo, jasho na machozi. Unakumbuka tulivyokuwa tunavipa alama, na Bi Mkubwa akitulazimisha kumgusa mgonjwa paji la uso kabla ya kutazama skrini? Ingawa navyo vinadanganya. Wapo waliozinduka katikati ya upasuaji mapigo yakiwa shwari kabisa. Halafu daktari akivuta utumbo, au msuli wa jicho la mtoto mwenye makengeza, moyo haukimbii, unashuka ghafla, na wewe unapiga kelele "achia!" Wiki iliyopita tu... basi, nitakusimulia tukionana.

Ila narudi palepale, Mama Imani: chumba cha pili hakina kapnografu, ile ya kupima kaboni dioksidi anayotoa mgonjwa akipumua. Bomba likiingia kwenye umio badala ya njia ya hewa, oksimita, inayosoma oksijeni ya damu, inachelewa kukuambia, na mtoto mdogo hana akiba ya kukusubiri. Halafu sisi tukanunue kipima maumivu? Na vibandiko vyake ni vya kutumia mara moja na kutupa. Mwakani nani atavinunua? Nitaonekana mshamba mbele ya wakubwa, lakini nitasema: kapnografu kwanza, hiyo ije baadaye.

Naomba ukurasa mmoja kutoka kwako, usiandike kitaalamu sana, nitausoma kikaoni. Tangu muipate, fentanili, ile dawa kali ya maumivu, mmepunguza kweli au ni maneno ya wauzaji? Mkishatoa atropini mnaipuuza kwa muda gani? Watoto wachanga mnawawekea? Mgonjwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio je? Na ungekuwa na fedha ya kifaa kimoja tu, ungenunua kipi?

Na yule Babu Chai, kweli kamrudia mkewe, au ni uzushi wa Mwanahawa? Likizo yako lini? Imani bado anakataa kula samaki?

Wako,
Mama Zuhura