Tapa si chakula, ni kipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemeze wasomaji wanaojiandaa kwenda Seville, mji wa kusini mwa Hispania ambao mashabiki wa Simba wanaujua tangu Mei 2019, timu yake ilipokuja Dar es Salaam ikashinda mabao 5 kwa 4. Wengi huenda kule wakiamini kwamba tapas ni aina ya chakula, kama pilau au biriani. Sivyo. Tapa ni kipimo. Chakula kilekile huuzwa kwa vipimo vitatu: tapa ni kisahani cha mtu mmoja, media ración ni nusu sahani ya watu wawili au watatu, na ración ni sahani kamili. Mgeni anayenyoosha kidole kwenye orodha bila kutaja kipimo aghalabu huletewa sahani kamili. Hushiba kwa chakula kimoja, hulipa mara mbili tatu ya alivyokusudia, kisha hurudi akisimulia kuwa Seville ni ghali. Tapa moja ni kama euro 3 hadi 5. Na si kama Granada, ambako kisahani huja bure na kinywaji. Seville kila kisahani kina bei yake.

Pa kula ni kaunta, tena kwa kusimama. Baa nyingi huuza tapa kaunta tu, na meza za nje zikawekewa vipimo vikubwa na bei ya juu kidogo. Agiza kinywaji kimoja na tapa moja au mbili, lipa, nenda baa inayofuata. Baa tatu au nne ndizo chakula cha usiku. Menyu iliyochapishwa usiijali sana. Tazama ubao ulioandikwa kwa chaki, maana ndiko kunakoandikwa kilichopikwa leo. Katika El Rinconcillo, iliyofunguliwa mwaka 1670, hata hesabu yako huandikwa kwa chaki juu ya mbao za kaunta, mbele yako. Mwenye mikono mirefu ya shati aikunje, asije akafuta deni lake kabla halijajumlishwa.

Kinachowaponza wageni kuliko vyote ni saa. Chakula cha mchana huliwa kuanzia saa nane, na ikifika saa kumi au kumi na nusu majiko hufungwa. Hufunguliwa tena saa mbili au mbili na nusu usiku, na wenyeji hawaonekani kabla ya saa tatu. Ukiingia saa kumi na mbili jioni na njaa yako, utakuta tu zile sehemu zenye picha za vyakula mlangoni na paella ya kupashwa moto, wali ambao kwao ni Valencia na huliwa mchana. Wala si uvivu. Tangu 1940 Hispania inafuata saa za Ulaya ya kati, na Seville iko magharibi ya Greenwich, hivyo mwezi Juni jua huzama karibu saa nne kasorobo usiku. Nani atakula chakula cha usiku juani? Kumbuka pia kwamba baa nyingi hufungwa Jumapili usiku au Jumatatu, na mwezi Agosti baadhi hufunga kabisa.

Anza na espinacas con garbanzos, mchicha wao uliopikwa na dengu kubwa, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili tamu ya unga, ukatiwa uzito kwa mkate uliokaangwa na kupondwa na siki. Mtu wa pwani hatahitaji kufundishwa kuupenda.

Kisha salmorejo, supu nzito ya nyanya inayoliwa baridi, ambayo asili yake ni Córdoba. Wengi huichanganya na gazpacho, supu nyingine baridi ya nyanya, lakini gazpacho ina tango na pilipili hoho na hunyweka, wakati salmorejo husimama kwenye kijiko. Vipimo ni nyanya zilizoiva sana kilo 1, mkate gramu 200, mafuta ya zeituni gramu 100, punje 1 ya kitunguu saumu na chumvi gramu 10. Saga nyanya, chuja maganda na mbegu, loweka mkate humo dakika 10, tia kitunguu saumu usage tena. Mafuta yaje mwisho, kwa uzi mwembamba, mashine ikizunguka. Ukiyamwaga yote kwa pamoja yatajitenga na kuelea. Yakishikana vizuri wekundu wa nyanya hugeuka rangi ya papai bivu. Mkate uwe wa jana, usio na sukari. Mkate wa slesi wenye utamu huiharibu, na punje ya pili ya kitunguu saumu humeza nyanya yote.

Samaki wa kuagiza ni cazón en adobo, papa mdogo aliyekatwa vipande vya vidole viwili, akalazwa saa kadhaa katika siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na oregano, kisha akapakwa unga mkavu na kukaangwa. Asipochujwa vizuri unga hugeuka uji. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu, samaki huyanywa. Jumatatu mwache, kwa sababu boti nyingi hazitoki Jumapili na siki huficha uzee wa samaki.

Kwa wasiokula nguruwe: kusema "sin carne", bila nyama, hakutoshi, kwa kuwa wengi kule hawahesabu jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, kuwa nyama. Sema "sin cerdo, sin jamón". Salmorejo hunyunyiziwa yai la kuchemsha na vipande vya jamón, basi kataza mapema. Croquetas nyingi zina jamón ndani, pringá ina nguruwe na mafuta yake, na carne mechada kwa kawaida ni nguruwe.

Bia huja katika glasi ndogo ya takriban mililita 200, caña. Usiombe kubwa, kwa kuwa joto la Julai hupita nyuzi 40 na nusu ya mwisho utainywa ikiwa ya moto. Manzanilla, ya Sanlúcar de Barrameda, ni mvinyo mkavu wenye alkoholi ya asilimia 15, ingawa ubaridi wake huificha. Sangria waachie watalii. Wenyeji hunywa tinto de verano, mvinyo mwekundu na soda kwa barafu. Asiyekunywa pombe ajihadhari na neno "mosto". Madrid ni juisi ya zabibu, lakini Aljarafe, vilima vilivyo jirani na Seville, ni mvinyo mchanga wa mwaka huo. Salama zaidi ni maji ya bomba, ambayo sheria ya 2022 inazitaka baa na migahawa kumpa mteja bure akiyaomba.

Na yale machungwa yanayoning'inia kila mtaa ni madanzi. Usichume.

Msomaji wenu,
Kariakoo, Dar es Salaam